Kuhoji Wasikilizaji wa Redio: Anza na Jana Yao

Kila mwaka, ikifika miezi ya wanafunzi kwenda uwandani, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Kaka, nihoji watu wangapi?" "Kaka, mtendaji anataka barua nyingine, nifanyeje?" "Kaka, kila mtu amejibu ndiyo, sasa nachambua nini?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza nitamtumia mwongozo huu.

Mwongozo ni wako wewe unayesoma habari, mawasiliano au sosholojia, shahada ya kwanza au ya uzamili, na umepewa miezi miwili au mitatu kuchunguza hadhira ya redio. Uko peke yako au na msaidizi mmoja, na fedha ni za kubana. Nimechagua redio kwa kuwa ndiyo wengi mnaichagua, na ndiyo mnayoikosea zaidi kwa kudhani ni rahisi. Ukiwa unachunguza vibanda umiza au makundi ya WhatsApp, hatua nyingi zitakufaa vilevile.

Nadharia sitagusa sana. Sura ya pili ya tasnifu, yenye hizo nadharia, utaiandika na msimamizi wako.

Uwe na hivi kabla hujapanda basi

- Swali la utafiti linaloenea kwenye mstari mmoja. Likifika mistari minne, bado hujui unachotafuta.
- Rekodi za kipindi unachokichunguza, angalau matoleo kumi.
- Vifaa viwili vya kunasia sauti. Simu mbili zinatosha. Kimoja kitakuangusha, nacho huwa ni kile ulichokiamini.
- Betri ya akiba ya simu, na daftari lenye jalada gumu.
- Redio ndogo ya betri. Wanafunzi hucheka nikisema hivi. Ukifika kijijini iwashe, uzungushe masafa yote asubuhi na jioni, uandike kinachoshika. Kituo kinachojitangaza kuwa kinasikika mkoa mzima kinaweza kuwa mkwaruzo mtupu nyuma ya mlima mmoja.
- Barua ya utambulisho ya chuo, nakala zisizopungua kumi.
- Msaidizi wa jinsia tofauti na yako, kama unaweza kumpata. Kuna nyumba ambazo mwanaume mgeni hatakaribishwa kukaa na mama mwenye nyumba saa nzima, na ni haki yao.
- Fedha za nauli, vocha na soda za watu wa vikundi vya majadiliano.

Hatua ya 1: Bana mada mpaka ilie

"Mchango wa redio katika kuleta maendeleo Tanzania." Hiyo siyo mada, ni hotuba. Mada ya hadhira ina vigingi vitatu: watu gani, kipindi gani, jambo gani maishani mwao. Mfano: "Jinsi wakulima wa mpunga wa kata fulani wanavyokitumia kipindi cha kilimo cha asubuhi wanapoamua lini wauze." Hapo msimamizi anaona watu, anaona kipindi, anaona uamuzi.

Halafu angalia neno ulilolitumia katikati. "Athari" ni neno la gharama kubwa. Kusema redio *imesababisha* watu kubadilika kunahitaji kundi la watu walioisikia na kundi linalofanana nao ambalo halikuisikia. Tanzania tuna mfano mzuri. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliogusa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo mpaka mwaka 1995, ukawa unarusha vipindi vya kwao. Watafiti wakapata eneo la kulinganisha: wakahoji watu wa pande zote mbili mwaka hadi mwaka, wakaangalia na takwimu za kliniki. Kisha Dodoma nayo ilipoanza kuusikia mchezo, wakatazama kama mabadiliko yatatokea na huko. Hivyo ndivyo neno "athari" linavyolipiwa.

Wewe una watu arobaini na wiki sita za uwandani. Andika "matumizi", "uelewa", "tafsiri" au "mazoea ya kusikiliza". Utalala usingizi siku ya kutetea tasnifu.

Hatua ya 2: Sikiliza wewe kwanza

Nimekutana na mwanafunzi aliyehoji kata nzima kuhusu kipindi cha saa mbili usiku ambacho kilikuwa kimehamishiwa asubuhi miezi mingi nyuma. Hakuwahi kukisikiliza. Alisoma ratiba iliyobandikwa ukutani kwenye mapokezi ya kituo.

Sikiliza matoleo kumi ukiwa na jedwali: tarehe, mada, nani alizungumza, kwa dakika ngapi, simu na jumbe fupi ngapi kutoka kwa wasikilizaji, matangazo gani ya biashara yaliingia katikati. Hutalitumia lote. Ila mtu akikuambia "yule dada anayesoma mambo ya mbolea", utajua anamzungumzia nani, naye ataona kwamba unakijua kipindi.

Tahadhari: usichukue majina ya wanaotuma salamu na ujumbe studioni ukayafanya ndiyo orodha ya wasikilizaji. Tangu enzi za kadi za salamu, wanaoandika redioni ni watu wa aina yake. Wana muda, wana vocha, na wanapenda kusikia majina yao. Msikilizaji wa kawaida hajawahi kutuma hata nukta.

Hatua ya 3: Chagua njia, ndipo uhesabu watu

Watu hufanya kinyume. Huanza na idadi ya watu wa kuhoji, 384 au 400, kisha hutafuta cha kuifanyia.

Unataka kujua *wangapi* na *mara ngapi*? Tumia dodoso, na hapo hesabu ya sampuli ina maana. Fomula ya Yamane inayopendwa vyuoni ni hii: gawanya idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Kata yenye watu wazima 12,000, kosa la asilimia 5: 12,000 gawanya kwa 31 (yaani 1 jumlisha 12,000 mara 0.0025), unapata 387. Idadi ya watu wa kata utaipata kwenye matokeo ya Sensa ya 2022, usikisie.

Unataka kujua *kwa nini* na *kwa namna gani*? Fanya mahojiano ya kina na vikundi vya majadiliano. Hapa Yamane hahusiki kabisa. Watu kumi na watano hadi ishirini na watano waliochaguliwa kwa akili, pamoja na vikundi vinne, ni kazi kubwa ya kukutosha. Simama pale watu watatu mfululizo wanapokosa kukuambia jambo jipya. Nikiona tasnifu imeandikwa "mtafiti alifanya mahojiano ya kina na watu 384", najua mambo mawili: hakuyafanya, na hakuna aliyemuuliza.

Fomula ya Yamane inadai pia kwamba kila mtu alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Ukigonga mlango saa nne asubuhi ukamhoji aliyefungua, utapata kina mama na wazee, kisha utaandika kwamba "vijana hawasikilizi redio". Vijana wako shambani, kijiweni, kwenye bodaboda. Nenda jioni na Jumapili. Ndani ya nyumba, orodhesha wote wenye miaka 18 na kuendelea, andika namba kwenye vikaratasi, mmoja wao avute. Watu hufurahia, na hakuna anayelalamika kwamba umempendelea mwenye nyumba.

Kabla ya kukusanya chochote kipya, tazama kilichokwisha kukusanywa. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, huuliza watu wa nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, ni mara ngapi wanapata habari kupitia redio, televisheni, magazeti, intaneti na mitandao ya kijamii, na takwimu zake hupakuliwa bure. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa ripoti za upimaji wa hadhira. Hizo ndizo zitakuambia kama kata yako ni ya kawaida au ni ya ajabu.

Hatua ya 4: Vibali, kutoka juu kwenda chini

Kwa mwanafunzi wa Tanzania Bara, njia ya kawaida ni hii: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwa wilaya au halmashauri, halmashauri inaandika kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kata anakutambulisha kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Kila ofisi itataka nakala ya barua ya ofisi iliyotangulia. Hesabu wiki mbili hadi tatu. Ukimaliza mapema, shukuru.

Watafiti kutoka nje ya Tanzania huanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya huko. Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali cha Bara hakikufikishi mbali Unguja wala Pemba.

Usiruke ngazi ya chini. Una barua ya mkoa mkononi, lakini mjumbe wa mtaa hajui habari zako: kesho yake utasikia wewe ni mtu wa kodi, au mtu wa kupima viwanja.

Kuna na sheria. Sauti ya mtu, namba yake ya simu na mahali anapoishi ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa vitendo: omba ridhaa kabla ya kubonyeza kitufe cha kunasa, mwambie anaweza kuacha wakati wowote, mpe jina la bandia kwenye maandishi, na usisambaze klipu yake kwenye kundi la darasa hata kama imewachekesha. Aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi inatangulia.

Hatua ya 5: Andika maswali ya jana

Kama una haraka, soma hatua hii uache nyingine.

Utafiti wangu wa kwanza niliuliza hivi: "Je, huwa unasikiliza taarifa ya habari?" Karibu kila mtu alisema ndiyo, tena kila siku. Nikafurahi. Siku ya tatu, kwa bahati tu, nikamuuliza mama mmoja ile ya jana ilisema nini. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, redio yangu iliisha betri tangu Pasaka." Ilikuwa mwezi wa saba. Hakuwa mwongo. Nilimuuliza kwa "huwa", naye akanijibu kwa "huwa". *Huwa* ni neno la mtu anavyojiona, siyo la alichokifanya. Na mgeni aliyetoka mbali na karatasi zake hajibiwi hapana, ni adabu.

Basi tupa "huwa". Uliza jana, tena usianze na redio. Anza na siku yake, umfuate kutoka alipoamka mpaka alipolala, na kila kituo uulize kulikuwa na sauti gani. Hivi ndivyo mazungumzo yanavyokwenda, haya ni na muuza vitumbua:

— Mama, jana uliamka saa ngapi?
— Saa kumi na moja. Nina vitumbua vya asubuhi.
— Ukaanza na nini?
— Kuwasha jiko. Unga nilishauumua usiku.
— Kulikuwa na sauti yoyote, au kimya?
— Kimya wapi! Jirani ana sabufa. Akiamka yeye, tumeamka wote.
— Ilikuwa inasema nini?
— Mwanzo kaswida, halafu wakaanza kusoma magazeti. Waliposema habari ya sukari nikaongeza sauti.
— Uliongezaje, na sabufa ni la jirani?
— (Anacheka.) Nilitoka na mwiko nikasimama dirishani kwake.

Mama huyu hana redio. Dodoso la kawaida lingemuuliza swali la kwanza, "Unamiliki redio?", angejibu hapana, angerukishwa maswali kumi na mawili na kuhesabiwa kuwa si msikilizaji. Kumbe ndiye msikilizaji makini kuliko mwenye sabufa, ambaye pengine alikuwa bafuni.

Karatasi yako ya jana iwe na safu tano: saa, shughuli, mahali, sauti iliyokuwepo, na *nani aliichagua*. Hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu. Abiria wa daladala anasikia anachokitaka dereva. Fundi cherehani anasikia anachokitaka mwenye duka. Ukiandika tu kwamba "wanasikiliza kituo fulani", umekipa kituo hadhira ambayo haikukichagua.

Mitego mitatu ya lugha, yote nimeshanaswa nayo:

*Kusikia na kusikiliza.* Uliza yote mawili kwa nyakati tofauti. "Ulisikia nini?" huleta sauti zote zilizompitia. "Ulisimama kusikiliza nini?" huleta zile alizozipa sikio.

*Redio.* Kwa wengi redio ni kile kifaa, siyo matangazo. Kijana atakuambia anasikiliza redio siku nzima dukani, ukichungulia unakuta flashi imechomekwa nyuma, nyimbo mia mbili zinazunguka. Uliza: "Kuna mtangazaji alikuwa anaongea katikati?"

*Usiku wa Ijumaa.* Kwa watu wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa wengine ni Ijumaa baada ya jua kuzama. Kipindi chako kikirushwa usiku, hakikisha mnaongelea usiku mmoja.

Jana ina udhaifu wake, nao ni kwamba jana huenda ilikuwa msiba, mnada au mechi ya watani. Ndiyo maana unagawa mahojiano kwenye siku zote saba, halafu unauliza, "Jana ilikuwa siku ya kawaida kwako?" Kama haikuwa, iandike hivyohivyo na uendelee.

Hatua ya 6: Jaribu kwa watu wachache usiowajua

Jirani zako wa hosteli hawafai. Nenda mtaa ambao haumo kwenye sampuli, hoji watu watano hadi kumi. Sikiliza pale wanapouliza "unamaanisha nini?" Swali lililoulizwa hivyo mara mbili livunje, uliandike upya. Pima na muda: dodoso likivuka dakika 25, mtu ataanza kukujibu ili uondoke.

Ukitumia KoboCollect, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, jaribu ukiwa umezima data. Inafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, ila lazima fomu uwe umeipakua kabla hujafika mahali pasipo na mnara.

Hatua ya 7: Uwandani

Salimu kwanza. Shikamoo kwa anayestahili, kaa ukikaribishwa, kubali maji. Kisha jitambulishe kwa jambo wanalolijua: "Ninasoma, na shule imenituma nijue watu wanasikiliza nini." Usiseme "mimi ni mtafiti kutoka" halafu ukataja jina la redio. Wakishaamini unatoka kituoni, sifa zitamwagika kama mvua na utaombwa upeleke salamu.

Saa ziandike kwa Kiswahili kama zilivyosemwa, na jina la sehemu ya siku: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku. Uzigeuze ziwe za saa 24 jioni, mara moja, wewe mwenyewe. Nimewahi kuletewa grafu iliyoonyesha kijiji kizima kinasikiliza kipindi cha kilimo saa saba usiku. Mwanafunzi alikuwa ameandika "saa 1" kwenye simu, Excel ikaielewa kuwa 01:00.

Angalia na macho, siyo kuuliza tu. Redio iko wapi ndani ya nyumba? Juu ya kabati chumbani kwa baba, au jikoni? Ina kitambaa? Nani anaruhusiwa kugusa kitufe? Mchoro mdogo wa nyumba kwenye daftari, dakika moja, utakusaidia kuliko maswali matano.

Hatua ya 8: Vikundi vya majadiliano

Watu sita hadi wanane. Wanawake peke yao, wanaume peke yao, na ikiwezekana tenga vijana na wazee, maana mkwe hatabishana na baba mkwe mbele yako. Saa moja na nusu inatosha.

Wachezeshee kipande cha dakika tatu au nne kutoka kwenye rekodi zako. Kisha nyamaza. Kweli, nyamaza, hata kama ukimya unakuchoma. Swali langu la kwanza baada ya hapo ni lilelile miaka yote: "Hapo walikuwa wanaongea na nani?" Kundi moja litasema wanaongea na sisi. Jingine litasema wanaongea na wenye matrekta. Mwanazuoni Stuart Hall, akiwa Birmingham, alishalieleza hili mwaka 1973: ujumbe haupokelewi ulivyotumwa, kuna anayeukubali, kuna anayeukubali nusunusu, kuna anayeupinga kabisa ingawa ameuelewa vizuri. Utawaona wote watatu kwenye benchi moja.

Mwenyekiti wa mtaa atataka kuketi. Usimfukuze. Mtangulie: "Mzee, wewe nitakuhoji peke yako, maana maelezo yako ni ya uongozi." Mhoji kweli, mpe saa yake, kisha kikundi kiendelee bila yeye.

Nauli na soda toa mwishoni, kiasi kilekile kwa kila mtu, na ukitangaze tangu mwanzo. Ukimpa mmoja zaidi, habari itafika kata ya jirani kabla yako.

Hatua ya 9: Jioni hiyohiyo

Hamisha sauti kwenye kompyuta, zipe majina yasiyotaja mtu (tarehe, kijiji, namba), weka nakala ya pili mahali pengine. Andika ukurasa mmoja wa ulichokiona ambacho kinasa sauti hakikukisikia. Kesho utakuwa umesahau kwamba yule babu alijibu huku akiizima redio mkewe alipoingia.

Unukuzi unachosha: saa moja ya sauti inaweza kula saa tano au sita. Nukuu kwa lugha waliyoitumia, Kiswahili chao, na kilugha walipochanganya. Kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, tafsiri zile nukuu utakazozitumia tu, mwishoni. Ukitafsiri unaponukuu, "nilitoka na mwiko nikasimama dirishani" itageuka kuwa "alionyesha hamu ya habari", na mama wa watu atakuwa amepotea.

Hatua ya 10: Uchambuzi

Kwa dodoso: safisha, hesabu, tengeneza majedwali machache yanayojibu swali lako, acha mengine. Kwa mahojiano: soma yote mara mbili bila kalamu, ya tatu weka alama pembeni kwa kila jambo linalojirudia, kusanya alama zinazofanana ziwe mada. Mada ziwe nne au tano. Zikiwa kumi na nane, ni orodha ya sokoni. Tafuta pia mtu mmoja asiyefanana na wengine, umpe nafasi. Programu za kompyuta husaidia kupanga tu, kufikiri ni kwako.

Ukimaliza, rudi kijijini hata kwa siku moja uwaeleze ulichokikuta. Karatasi moja ya Kiswahili ibaki kwa mtendaji.

Mambo yakikwama

*Kila mtu anajibu ndiyo.* Umerudi kwenye "huwa". Fungua hatua ya 5. Madodoso uliyokwisha kujaza usiyatupe. Rudi kwa watu kumi kati yao na karatasi ya jana, ulinganishe majibu. Tofauti hiyo yenyewe ni sehemu nzuri ya tasnifu.

*Kituo hakitaki kunipa rekodi.* Nasa mwenyewe kutoka hewani. Ila waandikie barua, ueleze unachofanya, na ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

*Sauti haisikiki.* Mara nyingi ni mvua juu ya bati au mashine ya kusaga. Kama umegundua siku hiyohiyo, keti na msaidizi wako muandike mnachokikumbuka, na muonyeshe wazi kwamba ni kumbukumbu, siyo nukuu. Umegundua baada ya wiki? Rudi ukahoji upya, au umuondoe mhojiwa huyo.

*Mtu mmoja anaongea peke yake kikundini.* Mwombe akushikie kinasa sauti, au akusaidie kuhesabu muda. Mpe kazi, wengine watapumua.

*Wananiomba nipeleke kero zao redioni.* Usiahidi. Waambie unasoma, na uwape namba ya kituo wanayoisikia hewani kila siku.

*Kipindi kimeondolewa hewani katikati ya utafiti.* Usilie. Uliza nani amegundua, lini, na anafanya nini sasa saa ile. Watu huijua thamani ya kipindi vizuri zaidi kikishakosekana. Mwambie msimamizi mapema ili mabadiliko ya mada yaandikwe rasmi.

*Asilimia zangu hazifanani na za kitaifa.* Kwanza hakiki swali: Afrobarometer wameuliza mara ngapi unapata *habari* redioni, wewe umeuliza sauti yoyote iliyokuwepo jana. Hivyo ni vitu viwili. Kama maswali yanafanana na majibu bado yako mbali, tazama siku na saa ulizohoji.

*Hakuna anayekisikiliza kipindi changu.* Huyu hunipigia akiwa na sauti ya kilio, na mimi humwambia asibadilishe kijiji. Andika wanachokifanya saa ile. Kata moja tuliyokwenda, kipindi cha kilimo kilikuwa hewani saa moja asubuhi, na saa moja asubuhi wakulima walikuwa tayari mabondeni, redio zimebaki nyumbani na watoto wanaojiandaa kwenda shule. Watoto wale walijua nafasi za kupanda mpunga kwa sentimita.